Mbuzi wa Mtani

Siku Bi Kazija alipofariki hakuna mtu aliyenitukana.

Nilikuwa nimeamka, nimewasha moto, nimefagia uwanja, na bado ng'ambo ya ua wa makuti kulikuwa kimya. Kwa kawaida saa hizo angekuwa amekwisha kuniuliza hali. "Wewe mla panya," angesema, "umekufa au umelala? Kama umekufa sema, nije nichukue sufuria." Nami ningemjibu kwamba sijafa, nawasubiri Wamwera watangulie, kama walivyotangulia kukimbia vita vya Wangoni wakasahau watoto nyumbani. Ndivyo siku zetu zilivyoanza pale Rasbura, mjini Lindi, yeye akiishi uzeeni kwa mwanawe Esha, mimi upande wa pili wa ua. Asubuhi ile nilimimina chai nikaketi kusubiri. Chai ikapoa. Kisha Esha akaniita kwa jina langu, Veronika, taratibu, na kwa kuwa hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuniita hivyo, nilijua kabla hajafika mlangoni.

Naandika haya yakiwa bado masikioni. Maneno yake yalikuwa mengi na mimi si mtu wa maneno, kwa hiyo yakinitoka yatakuwa yamepotea.

Mimi ni Mmakonde. Wazazi wangu walishuka kutoka uwanda wa juu wa Umakonde nikiwa mdogo wakapata shamba Mitole, upande wa Kilwa, wakalima ufuta na mihogo. Bibi yangu mzaa baba, Restuta, alikuja nao. Jirani yetu wa kwanza alikuwa Bi Kazija, Mmwera, mke wa Mzee Fakihi. Siku tuliyotua mizigo alisimama njiani akauliza kama hawa Wamakonde wameletwa kuuzwa au wamejileta wenyewe. Bibi akamwambia asogee, asije akakanyagwa na waungwana. Tangu hapo hawakuachana. Bibi alikuwa Mkristo na Bi Kazija Mwislamu, lakini utani wa Wamakonde na Wamwera ni mkubwa kuliko hayo. Bi Kazija aliweza kuingia jikoni kwetu akachukua kuku anayechemka, na Bibi akaishia kulalamika kwamba mwizi mwenyewe hajui hata kuongeza chumvi. Mtani akichukua, amechukua. Ukitaka chako unakikomboa kwa kile atakachotaja. Ukikasirika umeshindwa, na aibu ni yako.

Zizi, kundi la dini, lilikuja baadaye, katika zile enzi za ruksa. Watu wa rika langu wanazikumbuka. Mitumba ilijaa gulioni, soda zikafika hadi vijijini, wanunuzi wa korosho wakaja na magari yao, na dini zikaja pia, kila moja na kipaza sauti chake. Zizi halikuwa na kipaza sauti. Walikuwa watu watulivu waliovaa nguo za marekani zisizotiwa rangi, wakajenga nyumba zao nje ya kijiji, kwenye njia ya mtoni. Kiongozi wao alikuwa Mzee Klementi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amekaa miaka mingi mijini. Walisoma habari za Ibrahimu na Yakobo, wakasema mtu wa Mungu huoa wake wengi kama wale. Na wake hawakutafutwa kwa posa. Mzee Klementi aliota. Binti aliyetokea katika ndoto yake, pamoja na mwanamume aliyeonekana amesimama naye, hao walikuwa wamekwisha kufungwa ndoa, zilizobaki zilikuwa nyimbo tu. Wenyewe walisema binti fulani "ameotwa".

Baba aliingia Zizini, na sitaki mtu amfikirie vibaya. Baba yangu Severini alikuwa mlevi. Aliwahi kulala barabarani, aliwahi kuuza ufuta ungali shambani. Watu wa Zizi walikaa naye, wakamnywesha uji, wakamwimbia mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Aliporudi nyumbani alikuwa mtu anayechonga mipini ya majembe na kunicheka ninapokosea hesabu. Mama, Helena, alimfuata kwa sababu alikuwa amempata mume wake tena. Bibi Restuta alikataa. Alisema Mungu wake anajua Kimakonde, hahitaji kuotewa ndoto na mtu wa mjini.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nasoma darasa la saba, nilipootwa. Mzee Klementi aliniona katika ndoto nimesimama kando yake mwenyewe. Wake alikuwa nao watatu.

Habari haikufichwa. Ilijulikana kisimani, ilijulikana kwenye mashine ya kusaga, ilijulikana barazani wanapokunywa kahawa. Nilikwenda kusaga mahindi nikasikia nazungumzwa kama kiwanja kinachotafutiwa mnunuzi. Wengine walinihurumia. Wengine walisema watu wa Zizi hawaibi, hawalewi, hawakopi bila kulipa, basi binti atakula ashibe. Mzee mmoja aliuliza tofauti ni nini, mbona hata sisi binti akitoka unyagoni hatumkalishi, na hakuna aliyemjibu maana wengi walikuwa na majibu nyumbani mwao. Imamu alisema ndoa bila ridhaa ya binti ni bure, lakini akaongeza kwamba wale si waumini wake. Mwenyekiti wa kijiji alisema siku hizi dini ni ruksa. Karibu kila mtu alimaliza kwa neno lile lile, kwamba hayo ni mambo ya nyumba ya watu. Hawakuwa watu wabaya. Ni watu walionibeba mgongoni nilipougua surua.

Aliyekuwa akizuia ni Bibi. Alimwambia Baba kwamba siku nitakayopelekwa Zizini atavua nguo mbele yake, na Baba aliogopa laana ya mama kuliko ndoto ya Klementi. Ndoa ikangoja. Kisha Bibi akaugua kifua wakati wa mvua, akalala, na hakuinuka. Kabla maiti haijaoshwa, Mzee Klementi alituma mtu kumwambia Baba pole, na kumwambia vilevile kwamba baada ya mazishi nitakwenda Zizini na wake zake, kwa kuwa kizuizi kimeondoka.

Baba alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, macho chini. Mama alisikia. Alifunga kanga yake vizuri akaenda kwa Bi Kazija, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuazima ungo.

Msiba wa Bibi ulikuwa na watani wengi, na Bi Kazija ndiye aliyewaongoza. Alivaa gauni la Bibi la kwendea kanisani. Alitembea kama Bibi, mguu mmoja ukivutwa, akanusa ugoro kama Bibi, akapiga chafya, akawaambia waombolezaji kwamba amerudi mara moja kwa sababu amesahau kumdai Kazija kuku wake. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Hata Mama alicheka, machozi yakiingia mdomoni. Nilimtazama Bi Kazija nikaona kwamba kila akigeuka anainusa kwa siri mikono mirefu ya lile gauni. Alikuwa amefiwa kuliko sisi wengi.

Jeneza lilipoinuliwa alijilaza mbele yake njiani.

"Hapiti mtu," alisema. "Huyu mla panya amekula vyangu maisha yake yote. Nataka mbuzi wangu."

Hiyo ni desturi, na Baba alikuwa amejiandaa. Akamletea jogoo. Bi Kazija akamtazama yule jogoo, akamuuliza kama naye amefiwa, mbona amekonda. Akaletewa kanga, akaisukuma. Alisema yeye anataka mbuzi, na mbuzi anamwona. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama na wasichana wenzangu, akanishika mkono.

"Nimempata. Pitisheni maiti yenu."

Watu wakacheka, jeneza likapita. Mtani amechukua, nani wa kumzuia? Nilikwenda makaburini nimeshikwa mkono hivyo hivyo, na tuliporudi hakuniachia kwenda kwetu. Alinikalisha kibarazani kwake, akanipa sahani ya wali, akaniambia mbuzi wake hawali majani. Nilipoingia ndani kunawa niliona furushi langu la nguo nyuma ya mlango. Limefungwa kwa kanga ya Mama, na katikati ya nguo vilikuwamo vitabu vyangu vya shule.

Wageni walikuwa bado wanakula alipokuja Mzee Klementi na wanaume wawili wa Zizi. Alisalimia vizuri, akaitikiwa vizuri. Akasimama mbele ya kibaraza.

"Bi Kazija, mzaha umekwisha," alisema. "Huyo binti ameotwa."

Bi Kazija alikuwa bado amevaa gauni la Bibi. Alinigeuza uso huku na huku kama anayenunua ng'ombe.

"Ameota nini? Mimi sioni alichoota. Mihogo inaota, uyoga unaota, sisi wazee tunaota moto. Huyu hata gego lake la mwisho halijaota, baba, wewe umekwisha kumuota?"

Kicheko kilitoka upande wa wanawake kikaenda hadi walipokaa wanaume. Mzee Klementi akangoja kipite. Alisema Mungu ndiye anayemwotesha.

"Sawa. Mimi ni mtani, siwezi kukataa ukombozi," Bi Kazija akasema. "Nitamrudisha. Una binti yako, Imani, yuko shule ya bweni Mtwara. Umetuambia mwenyewe mkutanoni kwamba anataka kuwa daktari, tukapiga makofi. Umri wake na huyu ni mmoja. Mlete Imani, aolewe na mzee wangu Fakihi, nami nikupe mbuzi wako. Fakihi naye anaota. Anaota kila alasiri, hapa hapa kibarazani, mdomo wazi."

Watu waligeuka kumtazama Mzee Fakihi. Alikuwa mtu asiyesema. Alikuwa ameketi ukutani na kikombe chake.

"Mie sikuulizwa," alisema. "Meno ninayo mawili, na hayasalimiani."

Sijawahi kusikia msiba ukicheka vile. Mwenyekiti alifuta macho. Baba yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, aliziba mdomo na kiganja. Na kama Mzee Klementi naye angecheka, kama angetupa hata kitambaa chake cha mkononi akasema haya, Mmwera, shika, sijui leo ningekuwa wapi. Lakini alikuwa amekaa mijini miaka mingi, na Zizini alikuwa amezoea kutochekwa. Uso wake ulibadilika. Alisema utani ni ushetani, ni mambo ya wasiomjua Mungu, na kwamba hata yule mwanamke tuliyemzika ameyaona malipo yake. Akapanda kibarazani akanishika mkono. Bi Kazija hakuachia wa kwake. Mzee Klementi akamsukuma. Bi Kazija akaanguka chini, kwenye majivu ya jiko la msiba, na gauni la Bibi likachanika begani.

Nilisikia kijiko cha mtu kikigusa sahani.

Mzee Fakihi aliweka kikombe chini.

"Amekasirika," alisema.

Hakupaza sauti. Neno lile lilichukuliwa na aliyekuwa karibu naye, likapita kwa wanawake, likaenda mpaka kwa vijana waliokuwa wakiosha masufuria. Amekasirika. Amekasirikia utani, msibani, akamwangusha mtani. Wanaume waliokuwa wameketi wakaanza kuinuka mmoja mmoja, bila haraka. Hakuna aliyemgusa Mzee Klementi. Walisimama tu kati yake na kibaraza, na wengine wao ni wale wale waliosema nitakula nishibe. Mwenyekiti alimwambia, kwa adabu, kwamba ni kweli dini ni ruksa, lakini hili alilolifanya sasa hivi si ruksa, na afadhali aende nyumbani akapumzike.

Wanawake walimpangusa Bi Kazija majivu. Aliuliza tu kama mbuzi wake yupo. Usiku huo wengi wao hawakwenda makwao. Walikaa kibarazani wakibangua karanga, na kwa mara ya kwanza niliwasikia wakisema waziwazi kila mmoja aliolewa na umri gani, na alilia vipi. Siku chache baadaye mwenye mashine ya kusaga aliwaambia watu wa Zizi kwamba mashine ni mbovu. Ikaendelea kuwa mbovu kwao tu. Kwenye gulio walisalimiwa nusu. Na kila mtu kijijini alisema kwamba tangu mwanzo alikuwa upande wangu. Sikuwabishia. Nadhani waliamini.

Alibaki Baba. Mzee Klementi alimwita akamwamuru anirudishe. Baba alijibu kwamba mtoto amechukuliwa na mtani, hawezi kumtoa bila kumkomboa, na kwamba ataanza kukomboa mara moja. Jumapili ya kwanza alikuja kwa Bi Kazija, nguo zake nyeupe zimepigwa pasi, ameshika yai moja.

"Nimekuja kumkomboa mwanangu," alisema.

Bi Kazija alilipokea lile yai, akalitikisa sikioni. Alisema yai hili ni la jana, na mbuzi wake ni wa leo. Halikutosha. Akalikaanga, wakagawana, mimi nikapewa kipande kikubwa. Jumapili iliyofuata Baba akaja na nusu ya papai. Kisha kifuu cha nazi. Kisha mpini wa jembe aliouchonga mwenyewe, mzuri, na Bi Kazija akasema angekubali kama jembe lingekuwepo. Kila mara Baba alirudi Zizini akasema amejaribu, yule mama ni mgumu. Aliwahi kuniletea daftari, akamkabidhi Bi Kazija kama ukombozi, na Bi Kazija akalikataa kwa kunirushia mimi. Hawakuwahi kusema wao kwa wao kwamba wanajua wanachofanya. Baba hakuwa mtu wa kumkatalia mtu usoni, hasa aliyemtoa barabarani. Utani ulimpa mlango wa nyuma, naye akautumia kila Jumapili kwa mwaka mzima, mpaka Zizi lilipohama usiku mmoja likaelekea bara. Baba hakuhama nalo. Na hakunywa tena mpaka alipokufa.

Nilimaliza la saba nikichunga mbuzi wa mtu huku mimi mwenyewe ni mbuzi. Nilipofaulu, Bi Kazija alinileta Lindi kwa Esha, nikasoma mpaka kidato cha nne.

Mara moja tu nilimwona amekosa la kusema. Nilikuwa likizo Mitole. Binti wa nyumba ya tatu, wa umri wangu niliokuwa nao wakati ule, aliolewa na mwenye duka kutoka Kilwa Masoko. Hakukuwa na Zizi wala ndoto, palikuwa na wazazi, wali na taarabu ya kanda. Watu walifurahi. Bi Kazija alikwenda, akala, akapiga kigelegele kimoja. Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini yule hakumchukua.

"Wale si watani zangu," alisema.

Tukatembea. Tulipofika karibu na nyumbani akasema tena, kama anayezungumza na kanga yake, "Mie nilipoozwa, mtani wetu alikuwa safarini."

Kwa hiyo siku alipofariki nilijua kazi yangu. Tulimpeleka Mitole akazikwe kando ya Mzee Fakihi. Mimi ni mtu mkimya, na njia nzima, kwenye lori, nilikuwa nikiogopa kwamba sitaweza. Watu walikuwa wameketi wananingoja. Hata Mama alinitazama. Nilivaa kanga ya buluu ya Bi Kazija na malapa yake makubwa. Nikatembea uwanjani, nikasimama, nikawauliza waombolezaji kama wamekufa au wamelala, kwa sababu kama wamekufa nataka sufuria. Sauti ilinikatika katikati. Esha ndiye aliyeanza kucheka, kisha wengine, na nikaendelea.

Jeneza lilipoinuliwa nilijilaza mbele yake. Nilisema hapiti mtu, nataka mbuzi wangu. Ahmadi, mtoto wake wa kiume, akaniletea mbuzi kweli, mwenye kamba shingoni. Nikasema huyo simtaki, amekonda kama Mmwera. Nikanyanyuka nikaingia jikoni kwake kwa zamani, nikatoka na mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya mti mweusi, iliyolika mahali alipokuwa akikaa. Nikaiweka kichwani. Nikawaambia wapitishe maiti yao.

Mbuzi hiyo iko jikoni kwangu Rasbura. Mama, ambaye sasa anaishi nami, huikalia jioni akikuna nazi. Ukoo wa Bi Kazija haujaja kuikomboa.